IBN KHALDUN: KADHI ALIYEZIHOJI KHABARI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twaanza darsa yetu kwa suali alilotuuliza kijana mmoja katika kikao chetu. Alisema: "Masheikh zangu, fikihi twaisoma ili tujue halali na haramu, na nahau twaisoma ili tufahamu Kitabu. Hii tarikhi ya watu waliokwisha kufa yatufaa nini?"

Suali hili si la kudharauliwa, kwani wako wengi walionalo moyoni ila hawalisemi. Basi badala ya kulijibu kwa maneno matupu, tumeona bora tuwaeleze wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mwanatarikhi, na mtumishi wa dola, na kadhi: naye ni Abdur-Rahman bin Muhammad bin Khaldun, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kuzaliwa kwake na malezi yake

Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 wa Hijra, yaani mwaka 1332 wa miladi. Jamaa zake walijinasibisha na Hadhramaut, nchi ambayo watu wa pwani yetu waijua vyema. Wazee wake walihamia Andalus wakakaa Ishbiliya vizazi vingi, wakashika vyeo huko. Kisha mji ulipokaribia kutekwa na Wakristo katika karne ya 13, wakavuka bahari wakaja Afrika ya Kaskazini.

Alihifadhi Kurani, akasoma hadithi, fikihi ya Kimaliki, lugha na mantiki. Lakini alipokuwa kijana wa miaka kama 17, tauni kubwa ya mwaka 1348 na 1349 iliingia Tunis. Maradhi hayo yaliwachukua wazazi wake wote wawili na wengi katika waalimu wake. Aliona kwa macho yake mji ulioshiba watu na ilimu ukiwa mtupu, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Baadaye aliandika kwamba hali za ulimwengu zilikuwa zimegeuka kabisa, na kwamba zamani mpya kama ile yahitaji mtu wa kuiandika upya.

Utumishi wake kwa wafalme

Kazi yake ya kwanza Tunis ilikuwa kuandika alama ya Sultani juu ya barua za serikali. Kisha akaenda Fas kwa Sultani Abu Inan, akawa katika wanavyuoni wa baraza lake na waandishi wake. Huko alituhumiwa kula njama, akafungwa tangu mwaka 1357 hata Sultani alipokufa mwaka 1358. Akaenda Gharnata kwa Sultani Muhammad wa Tano, naye akamtuma mwaka 1364 kuwa mjumbe wake kwa Pedro, mfalme wa Castile, aliyekuwa Ishbiliya. Mfalme yule alimwambia abaki, na atarudishiwa mali za wazee wake. Ibn Khaldun akakataa, akarejea kwa aliyemtuma.

Baadaye alikuwa waziri mkubwa Bijaya, na mara nyingi alipelekwa kwa makabila ya Waarabu na Waberberi kupatana nao kwa niaba ya wafalme. Hatusemi kwamba katika siku hizo alikuwa mtu asiye na kosa. Alihama kwa bwana huyu akaenda kwa bwana yule, na pengine alimwacha anayeanguka akamfuata anayeinuka. Wenzake walimlaumu kwa hayo, nasi hatuna haja ya kuyafunika. Lakini kila alipopita aliangalia: dola yaanzaje, yapata wapi nguvu, na kwa nini yaanguka.

Mwaka 1375 alichoka na siasa, akajitenga katika ngome ya Banu Salama katika nchi ambayo leo ni Algeria, akakaa huko miaka minne hivi. Hapo ndipo alipoandika Mukaddima, ambayo ni dibaji ya kitabu chake kikubwa cha tarikhi, *Kitabul Ibar*. Yeye mwenyewe aeleza kwamba aliimaliza kwa muda wa miezi mitano, mwaka 779 wa Hijra, yaani 1377.

Mizani ya khabari

Ni nini alichokileta Ibn Khaldun ambacho wengine hawakukileta? Wanavyuoni wa hadithi kabla yake walikuwa wameweka mizani ya wapokezi: ni nani aliyesema, na je, ni mwaminifu? Ibn Khaldun alisema kwamba katika khabari za tarikhi mizani hii peke yake haitoshi. Kabla ya kumwuliza mpokezi, yapasa kwanza kuiuliza khabari yenyewe: je, jambo hili laweza kuwa, kwa tabia ya watu, na nchi, na maisha? Ikiwa haliwezi kuwa, uaminifu wa msimulizi hauwezi kulifanya kuwa kweli.

Akatoa mfano. Wanatarikhi walikuwa wamepokea kwamba Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipowahesabu Wana wa Israili jangwani aliwapata watu 600,000 wenye kuweza kuchukua silaha. Ibn Khaldun akauliza: jeshi la namna hiyo litajipangaje vitani, na safu moja isijue safu nyingine yafanya nini? Na kati ya Nabii Musa na Nabii Yaakub ni mababa wachache tu. Je, watu 70 walioingia Misri wawezaje kuzaana kufikia hesabu ile kwa vizazi vichache hivyo? Walioinakili khabari hii walikuwa watu wakubwa, lakini ukubwa wao haukumzuia kuihesabu.

Akataja na sababu zinazouingiza uwongo katika khabari. Mtu hushika upande wa madhehebu yake au rai yake, basi huikubali kila khabari inayompendeza. Mwingine humwamini msimulizi bila kumchungua. Mwingine hutaka kujikurubisha kwa wakubwa, akawasifu kwa wasiyoyafanya. Na mwingine huona hali za leo akadhani watu wa kale nao waliishi hivyo hivyo, akasahau kuwa zamani hubadilika.

Kisa kinachotuhusu sisi watu wa pwani

Hapa twataka wasomaji wetu wasimame kidogo. Mwaka 1331, mmoja kabla ya kuzaliwa Ibn Khaldun, msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii yetu. Alilala Mombasa usiku mmoja, akaandika kwamba watu wake ni Mashafii, wacha Mungu, chakula chao ni ndizi na samaki, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Kisha akaenda Kilwa, akamsifu Sultani wake Hasan kwa ukarimu.

Ibn Battuta aliporudi Fas, akasimulia baraza la Abu Inan aliyoyaona duniani, khasa utajiri wa mfalme wa Bara Hindi. Watu wakanong'onezana kwamba mtu huyu ni mwongo. Ibn Khaldun alikuwapo Fas katika zamani hizo, na aeleza katika Mukaddima kwamba yeye mwenyewe alielekea kutomsadiki, akamwendea waziri Faris bin Wadrar akamwambia hivyo. Waziri akamwonya asikanushe jambo kwa sababu tu hakuliona, asije akawa kama yule mtoto wa gerezani. Akamsimulia kwamba waziri mmoja alifungwa na Sultani wake miaka mingi, na mtoto wake akakulia gerezani humo. Alipopata akili akauliza: nyama hii tunayokula ni ya mnyama gani? Baba akasema ni ya kondoo, akamweleza kondoo alivyo. Mtoto akasema: basi ni kama panya? Kwani maisha yake hakuwahi kuona mnyama mwingine ila panya.

Tazameni insafu ya mtu huyu. Angeweza kulificha kosa lake, lakini alilitia kitabuni ili liwe funzo. Na funzo lenyewe lina pande mbili: kuamini kila kitu ni ujinga, na kukanusha kila kitu ni ujinga vile vile. Lau maneno ya Ibn Battuta yangalitupwa kwa kuwa watu wa Fas hawakuyazoea, leo tungalikosa shahidi mmoja mkubwa wa Uislamu wa pwani hii katika karne ile. Na ushahidi wake juu ya Kilwa haukubaki peke yake, kwani sarafu zenye jina la Sultani Hasan bin Sulaiman zimepatikana.

Kadhi wa Misri

Mwaka 1382 Ibn Khaldun alisafiri kwenda Misri. Alisomesha Al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akampa ukadhi mkuu wa Kimaliki, mmoja katika makadhi wakuu wanne wa mji wa Cairo. Mwaka huo huo ulimfika msiba: ahali zake waliokuwa wakimfuata kwa jahazi kutoka Tunis walizama baharini karibu na Iskandaria.

Katika cheo hiki alifanya lile alilolifundisha katika tarikhi. Aeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba aliwakuta mashahidi wa uwongo wakijificha nyuma ya wakubwa, na waandishi waliojua hila za kuvunja wakfu na kuzitia mikononi mwa watu, na wenye kutoa fatwa bila ilimu. Akawachungua mashahidi, akawaadhibu walioghushi, akaziba masikio yake asisikie maombezi ya wenye vyeo. Wakamchukia, wakamshitaki kwa Sultani, na baada ya mwaka mmoja akaondolewa. Hata hivyo alirejeshwa tena katika uzee wake, akaondolewa na kurejeshwa, jumla yake mara sita, na alikufa mwezi wa Ramadhani mwaka 808 wa Hijra, yaani Machi 1406, akiwa angali kadhi.

Mwaka 1401, Timur alipoizunguka Damascus, Ibn Khaldun aliteremshwa kwa kamba kutoka ukuta wa mji akaenda kuonana naye. Timur alimtaka nyumbu wake wa kupanda, naye akampa. Baadaye alipopelekewa thamani ya nyumbu yule huko Misri, hakukubali kuipokea mpaka apate ruhusa ya Sultani wake. Ni jambo dogo, lakini mtumishi wa watu hujulikana kwa mambo madogo.

Tumpime kwa mizani yake

Sasa twasema neno ambalo baadhi ya wasomaji wetu huenda lisiwapendeze. Ibn Khaldun alikataa uwongo wa wale waliodai kwamba weusi wa watu ni laana ya kizazi cha Ham. Alisema rangi ni athari ya hewa na joto la nchi. Katika hilo alisibu. Walakini yeye huyo huyo aliandika juu ya watu weusi wa nchi za kusini za mbali maneno ya kuwatweza, kuwa wako karibu na wanyama kuliko watu. Nchi zile hakuzifika. Alichukua maneno ya vitabu na wasafiri bila ya kuyaweka katika mizani aliyoitengeneza mwenyewe. Hapo yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa gerezani.

Je, kwa hivyo tumtupe? La. Wala tusimtetee kwa visivyoteteleka. Twachukua mizani, na twampima nayo mwenye mizani. Hiyo ndiyo heshima apasayo kupewa mwanachuoni. Kumfuata kwa kufumba macho ndiko alikotukataza.

Aliyoyaacha

Mukaddima ilipigwa chapa Misri mwaka 1857, na Paris mwaka 1858. Sheikh Muhammad Abduh aliisomesha Cairo, kwa kuwa aliona ndani yake dawa ya umma uliolala. Humo mwaelezwa kwamba dola husimama kwa asabiya, yaani mshikamano wa watu, na huanguka wakati wakubwa wanapozama katika anasa. Kwamba kodi nyepesi hujaza hazina na kodi nzito huikausha. Na kwamba dhulma huvunja miji, na katika dhulma kubwa kabisa ni kuwafanyisha watu kazi bila ujira.

Na pwani yetu haikukosa mfano wa kadhi mwanatarikhi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya Mazrui waliotawala Mombasa. Lau hakuandika, ni mangapi katika hayo yangalizikwa pamoja na wazee?

Jawabu la suali

Sasa twamrudia kijana wetu. Tarikhi yakufaa kwa sababu kila siku wewe ni kadhi. Khabari yakujia kwa simu kabla hujatoka msikitini: fulani amesema hivi, jamaa fulani asili yao ni hii, shamba fulani si wakfu tena. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Hujurati tuhakikishe khabari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Asiyejua kupima khabari ya jana hataweza kupima khabari ya leo, na atakayemdhulumu ni jirani yake.

Basi twawausia wenzetu mambo matatu. La kwanza, waendeeni wazee wenu wangali hai, mwandike wayajuayo, na kila neno liandikeni na jina la aliyelisema. La pili, zile karatasi za wakfu na za nasaba zilizomo masandukuni, zisomeni na mzinakili kabla hazijaliwa na mchwa. La tatu, mtakapokuta katika tarikhi aibu ya jamaa zenu, msiifute. Kwani anayefuta aibu ya jana ameshajifunza kuficha dhulma ya leo.

Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, hata juu ya nafsi zetu. Amin.