Ndege wa Mida: Somo la Tawakkul na Adabu ya Mtazamaji



Katika Suratul-Mulk, aya ya 19, Allah (S.W.) anatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, wanavyokunjua mbawa na kuzikunja. Mahali pazuri pa kulifanyia kazi agizo hilo ni Mida, hori la bahari lenye mikoko karibu na Watamu, pwani ya Kenya.

Kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, matope ya Mida hupokea ndege wahamiaji. Wapo vitwitwi wanaozaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Yupo mla-kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, ambaye huchimba shimo mchangani kutaga yai lake kwenye fukwe za Bara Arabu, kisha huja kwetu. Maji yakitoka, ndege hutawanyika mbali kutafuta kaa na minyoo. Kwa hiyo fika maji yanapoanza kujaa, ukae kimya. Bahari yenyewe itawasogeza kwako.

Tupate mazingatio mawili.

1. Tawakkul ni kutoka. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Umar (r.a.) inamfananisha mwenye kutawakali kikweli na ndege anayetoka asubuhi ana njaa na kurudi jioni ameshiba. Wanazuoni wametanabahisha kwamba ndege huyo hakubaki kiotani. Kitwitwi naye, kabla ya kuondoka Mida, hula mpaka mwili ujae mafuta, na hayo ndiyo masurufu yake ya safari. Mwanafunzi anayefunga vitabu wiki ya mtihani akidai amemwachia Mungu, hana hoja mbele ya ndege huyu.

2. Kutomuudhi kiumbe. Abu Dawud amepokea kwamba baadhi ya Masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamuru arudishiwe watoto wake. Hakuna aliyekuwa amechinjwa. Huzuni peke yake ilitosha kukemewa. Sasa, anayewakimbilia ndege ili waruke apate picha, anawakatiza chakula na kuwamalizia mafuta ya safari. Kwake ni mchezo wa dakika moja, lakini ndege anaweza kuishiwa nguvu maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Aliye Kampala, asiyemudu nauli ya pwani, aanze na Lutembe, ghuba ya Ziwa Viktoria upande wa Entebbe, ambako pia wahamiaji hufika. Adabu ni ile ile.

Wallahu a'lam.