Njaa Ilipotabiriwa, Kanisa Lilifanya Nini?

Andiko: Matendo 11:27–30

Katika andiko letu nabii Agabo anasimama Antiokia na kusema kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Wanafunzi hawakuuliza ni nani ametenda dhambi. Hawakusema, "Hiyo ni shida ya Yudea." Walichanga.

Sisi pia tumeonyeshwa. Hapa Ndalu wazee walijua mvua ya kupanda ni Machi. Siku hizi unapanda, mvua inakatika, mahindi yananyauka, unarudi dukani kununua mbegu mara ya pili. Na ukifuata barabara ya Kitale kwenda Lodwar, hali ni ngumu zaidi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo karibu milioni 2.5 ilikufa, na Wakenya zaidi ya milioni 4 wakahitaji chakula cha msaada.

Nimesikia watu wakisema hiyo ni laana juu ya watu wa Turkana. Hapana! Katika Luka 13:4 Yesu aliikataa hesabu hiyo alipotaja walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Dunia inapata joto hasa kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa hiyo chafu. Mama anayelala njaa Turkana hakuuwasha moto huo. Tusimwongezee mzigo wa hukumu.

Tujifunze mambo matatu kwa Antiokia.

1. Walisikia mapema. Agabo alisema kabla njaa haijafika. Kusikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa si kukosa imani. Yusufu aliweka akiba miaka ya shibe (Mwanzo 41). Basi usiuze mahindi yote Desemba bei ikiwa chini, halafu Juni watoto walale njaa.

2. Kila mtu alitoa kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye gunia atoe gunia, mwenye gorogoro moja atoe gorogoro. Mungu anajua ghala la kila mmoja wetu.

3. Walituma kwa mikono ya kuaminika. Barnaba na Sauli walipeleka msaada kwa wazee. Nasi tukichanga, mahindi yahesabiwe, yaandikwe, na kanisa lisomewe yamefika wapi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani: Ni jirani gani katika kijiji chetu ambaye chakula chake kitaisha kabla ya mavuno? Tutaanza kumwekea nini, na kuanzia lini?

Ombi: Bwana, tupe masikio ya Antiokia na mikono yake pia. Amina.