SOMO LA KAZI ZA MIKONO: MKANDA WA SAA

Wanachama wengine hutengeneza mikanda ya saa ya ngozi kwa kujifurahisha tu, kisha huwauzia jirani. Kazi hii yapendeza, lakini mkanda ukikatika, kinachoanguka ni saa ya mtu, ambayo thamani yake yapita ya mkanda.

Ngozi ifaayo ni iliyodabighiwa kwa magome ya miti, kama miwati. Hiyo kingo zake zikilowanishwa kidogo na kusuguliwa kwa kitambaa hung'aa. Ikatwe sehemu ya mgongo, kwani ya tumbo hunyumbuka. Upana upimwe kwa milimita pale mkanda uingiapo kwenye saa. Nyingi huwa 18, 20 au 22. Kukadiria kwa macho hakufai.

Jambo kubwa ni mshono. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mshono huanza kufumuka. Mshono wa mkono hutumia uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, wenye sindano kila ncha. Matundu hutobolewa kwanza kwa msharasi, na sindano zote mbili hupita katika kila tundu, kila moja kutoka upande wake. Hivyo uzi wa upande mmoja ukilika, wa pili bado hushika. Wenye haraka huichukia kazi hii.

Auzaye aandike gharama zote: ngozi pamoja na vipande vilivyotupwa, uzi, bizimu, na muda wake. Wengi huhesabu ngozi peke yake, kumbe wanampa mnunuzi zawadi.

Chama kinachopokea mikanda kwa kuuza kiivute kwanza kwa nguvu penye bizimu na penye saa. Huko ndiko hukatikia.