Maji Yakikufika Shingoni, Mdogo Wangu

Sogea karibu, mdogo wangu, tuongee. Wiki hii nina barua moja niliyoisoma mara tatu, na kila nikiikunja naikunjua tena. Imetoka Muscat, kwa binti wa Tanga mwenye miaka 27 anayefanya kazi za ndani. Anasema ameimba tangu utotoni: kasida madrasa, taarabu kwenye harusi za mtaani. Mashindano ya kuimba ameyajaribu mara mbili, na mara zote mbili alirudishwa mapema. Rafiki zake wameolewa, wengine wana mtoto wa pili. Chumbani analala na mwenzake Mfilipino, na kila usiku, kazi zikiisha, yule mwenzake huweka simu juu ya mto na kumsikiliza mwimbaji wa kwao, Regine Velasquez. Binti yetu haelewi hata neno moja, lakini sauti ile ikipanda machozi yanamtoka. Mwisho kaniandikia hivi: "Dada, wenzetu wanazaliwa na bahati zao. Mimi maji yamenifika shingoni."

Nilipofika hapo niliiweka barua chini. Umesema neno, mdogo wangu, na hukujua umelisema. Huyo Regine anayekuliza usiku alifunzwa kuimba akiwa baharini, na maji yalimfika shingoni kweli kweli. Baba yake, mzee Gerardo, alikuwa akimwingiza kwenye maji ya chumvi mpaka hapa, kwenye koo, kisha anamwambia aimbe. Mtoto mdogo, aliyeitwa Chona nyumbani, anapaza sauti huku mawimbi yanamsukuma.

Wewe umekulia Tanga, bahari unaijua. Kumbuka siku ulipoingia mpaka shingoni. Maji yanakubana mbavu pande zote. Pumzi uliyozoea kuivuta bila kufikiri, pale unaitafuta. Ukivuta ya juu juu, ya kifuani, haitoshi hata neno moja refu. Lazima uichote chini, tumboni, na uitoe kwa kipimo. Ukihema ovyo, wimbi linakuja mdomoni. Sasa ongeza kuimba juu yake. Regine mwenyewe amesema mazoezi yale ndiyo yaliyompa nguvu ya tumbo na mapafu ya kushika sauti ndefu. Kwa hiyo ile sauti inayopanda juu ya mto wa mwenzako, ikapanda tena wakati wewe unadhani imefika mwisho, ilianzia kwenye maji. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nisikilize vizuri hapa, maana nawajua. Sikukwambia ukajitose baharini, wala wewe mama unayesoma usimpeleke mtoto kwenye kina ukidhani unamtengeneza nyota. Bahari haina mzaha. Nataka ushike hili moja tu: mtoto yule hakuwa peke yake majini. Baba yake alikuwa pale, ndiye mwalimu, ndiye mlinzi. Maji yanayokubana huku mtu anayekupenda anakutazama ni mafunzo. Yanayokubana huku hakuna anayejua uko wapi ni hatari, nayo tutayarudia.

Turudi kwenye bahati. Regine alizaliwa tarehe 22 Aprili 1970, Tondo, mtaa wa Manila ambao watu wa huko wakiutaja wanataja msongamano na maisha ya kubangaiza. Yeye ndiye kifungua mimba katika watoto watano. Kifungua mimba wa nyumba isiyo na kitu unamjua, mdogo wangu. Pengine ni wewe. Baadaye familia iliishi mkoa wa Bulacan, na mtoto akawa anazungushwa kwenye mashindano ya kuimba, leo hapa, kesho pale. Mwaka 1984, akiwa na miaka 14, akashinda shindano kubwa la televisheni, Ang Bagong Kampeon, yaani Bingwa Mpya.

Hapo ndipo wengi wetu tunafunga hadithi. Tunasema: basi, katoka. La hasha! Mwaka 1986 alirekodi wimbo wake wa kwanza kwa jina la Chona, na wimbo haukwenda popote. Hebu litafakari jambo hilo kidogo. Binti wa miaka 16, bingwa wa televisheni, majirani wote wanamjua, ametoa santuri na hainunuliwi. Fikiria aibu ya kwenda dukani kununua chumvi siku hizo. Wewe ulirudishwa mapema ukadhani ndiyo hukumu yako. Yeye alishinda kwanza, akaanguka baadaye, na kuanguka baada ya kushangiliwa kunauma zaidi kwa sababu watu wanakuangalia.

Alifanya nini? Aliendelea. Jina likabadilika, Chona likabaki la nyumbani, na mwaka 1987 ikatoka albamu iliyoitwa kwa jina jipya, Regine. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, akaenda Hong Kong kuiwakilisha nchi yake kwenye shindano la waimbaji wa Asia na Pasifiki, akarudi na ushindi. Alikuwa na miaka 19. Mwaka 1991 akaimba Carnegie Hall, New York. Mkesha wa mwaka 2000, mataifa yalipokuwa yakipokezana kwenye televisheni kuukaribisha mwaka mpya, zamu ya Ufilipino ilipofika ni yeye aliyesimama juu ya paa la hoteli ya Peninsula Manila akaimba. Kwao wanamwita Ndege Mwimbaji wa Asia. Lakini hesabu nawe: kutoka wimbo uliokwama hadi paa lile ni miaka kumi na mitatu. Wewe umejaribu mara mbili unaniambia bahati! Mwaya, bahati unaitukana. Umekata tamaa kabla koo halijapata joto.

Najua sasa unasema, "Sawa Dada, lakini yeye alikuwa na baba, mimi nina nani?" Swali hilo nalipenda, kwa sababu ndilo linalowaingiza mabinti kwenye mikono mibaya. Asiyekuwa na wa kumshika mkono hushika mkono wowote. Yupo mtu atakuandikia kwenye simu: una sauti, nitakutoa, njoo hoteli fulani tuongee. Yupo atakayekuomba hela ya studio, ukituma mshahara wa miezi mitatu anazima simu. Yupo ambaye hataki hela, anakutaka wewe. Mdogo wangu, mwalimu wa kweli anakuchosha kwa mazoezi. Tapeli anakuchosha kwa ahadi. Anayeipenda kazi yako hatakuita usiku peke yako. Ukihisi moyo unakwambia hapa pana kitu, usiubishie. Toka. Sauti yako utaondoka nayo, hakuna atakayeibakiza.

Na hapo hapo Muscat, nitasema wazi. Kama mwajiri anakulipa na anakupa mapumziko yako, basi uchovu wako ni uchovu wa kazi, tutauvumilia pamoja. Lakini kama anakunyima mshahara, amekushikia pasipoti, anakupiga au anakufungia ndani, hayo siyo maji ya mafunzo. Usiimbe ndani yake. Piga kelele. Ubalozi wetu upo mjini humo humo, namba yake iweke kwenye simu yako leo na nyingine iandike kwenye karatasi uiweke mahali pako. Mwambie na mwenzako wa chumbani. Watu wanaolala chumba kimoja ugenini ni ndugu, hata kama hawajui lugha moja.

Sasa tuje kwenye hili la kuolewa, maana umelitaja mara nne kwenye barua yako ya kurasa mbili, kuliko hata kuimba. Rafiki zako wameolewa, Mungu awabariki. Regine aliolewa tarehe 22 Desemba 2010, akiwa na miaka 40. Arobaini, mdogo wangu. Akaolewa na Ogie Alcasid, mwimbaji na mtunzi, mwanamume aliyekuwa tayari na watoto wawili wa kike kutoka ndoa iliyovunjika. Mwezi Novemba mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kiume. Usidhani wasemaji hawakusema. Mdomo wa mtu huwezi kuufunga kwa kufuli. Lakini mwanamke yule aliingia kwenye ndoa akiwa na jina lake, kazi yake na akili yake. Sikwambii usubiri arobaini. Nakwambia tu usiingie kwenye ndoa kama mtu anayekimbia mvua, akijibanza kwenye ukumbi wowote. Mvua ikikatika unajikuta nyumba ya watu.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo linalonigusa mimi mwenyewe kuliko yote. Novemba 2012 Regine aliandaa tamasha kubwa la kuadhimisha miaka 25 ya kazi yake. Ukumbi umejaa, watu wamelipa. Akiwa jukwaani, sauti ikamkimbia. Alikuwa anaumwa, na koo likakataa. Sauti ile ile, ya mashindano ya utotoni, ya Hong Kong, ya juu ya paa! Siku ya sherehe yake, mbele ya watu wake, haipo. Nikilifikiria jambo hilo kifua kinanibana, kwa sababu kila mmoja wetu anakiogopa kitu kama hicho: siku uliyoisubiri maishani, na kile ulichokuwa nacho miaka yote kinakuacha mbele za watu.

Nakuuliza wewe, ungefanya nini? Nakujua. Ungezima simu mwezi mzima. Ungefunga mlango, ungesema basi, mimi na kuimba tumeachana. Wala sikulaumu, mimi pia nimewahi kufunga mlango kwa mambo madogo kuliko hayo. Yeye Januari 2013, wiki chache tu baadaye, alilirudia tamasha lile lile, kwenye ukumbi ule ule. Aliwapa watu wake walichokosa. Haya ndiyo niliyotaka uyaone, mdogo wangu. Kushindwa mbele za watu kunatibiwa mbele za watu. Ukijificha, aibu inakua gizani. Ukirudi ukasimama palepale ulipoangukia, inakosa pa kukaa.

Mzee Gerardo alifariki mwaka 2014. Alishamwona binti yake akifika mbali na alikoanzia, na alishamwona pia akipoteza sauti na kuipata tena. Mafunzo ya mzazi hayazikwi naye. Na wewe mama yako aliyekufundisha kasida ile ya kwanza ukiwa umekaa kwenye kizingiti, kama ulivyoniandikia, ndiye aliyekushika majini. Usiseme huna mtu. Mpigie simu Ijumaa hii, mwambie akuimbie nawe umuitikie.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila usiku, kabla mwenzako hajaweka simu juu ya mto, keti wima kitandani, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi mpaka mkono uinuke, itoe polepole ukihesabu. Anza na kumi. Mwezi ujao uwe umefika ishirini. Kunywa maji, acha kupiga kelele ukiwa na mafua, koo likiuma lipumzishe; sauti haina duka la vipuri. Mshahara ukiingia, weka kidogo pembeni kwa ajili ya studio utakayoichagua mwenyewe ukirudi nyumbani, siyo ya mtu aliyekutafuta. Shindano la tatu likitangazwa, nenda. Na ukirudishwa, niandikie siku hiyo hiyo, usingoje mpaka moyo uoze.

Na mwambie huyo mwenzako wa Ufilipino akutafsirie wimbo mmoja, anaoupenda kuliko zote. Nawe muimbie kasida ya mama yako. Nadhani naye ana maji yake yaliyomfika shingoni, mbali na kwao, na ndiyo maana kila usiku anaisaka ile sauti kabla hajalala. Hujawahi kumuuliza, mdogo wangu. Muulize leo.