Jedwali Lisipoteze Alama za Mtu

Orodha ya matokeo ikiendelea ukurasa wa pili bila majina ya masomo juu yake, alama za Fiqhi huweza kusomwa kuwa ni za Tajwidi, na mwenzetu akakosa haki yake. Tukitumia Microsoft Word, tuchague mstari wa kwanza wa jedwali, tuende Layout ya jedwali, tubonyeze Repeat Header Rows. Majina yatajirudia kila ukurasa. Yasipojirudia, tufungue Table Properties; kwenye Text wrapping tuchague None, kwani jedwali lililozungukwa na maandishi halirudii vichwa. Kuliweka katikati, hapo hapo tuchague Center. Kabla ya kubandika ubaoni, tuutazame ukurasa wa mwisho: je, kila alama inajulikana ni ya somo gani?