Somo la gari ya ushirika: feni ya kioo inapokataa kuzunguka

Leo tunatoka shambani kidogo. Mpunga, kakao na mafuta ya mawese ya upande wa Banalia ao Bafwasende yanafika Kisangani mara nyingi juu ya gari ya zamani sana. Ndani yake kuna feni ya joto, na watu wanaidharau. Wanasema: tuko karibu na ikweta, joto la nini tena? Lakini mvua kubwa ikinyesha, watu wanne wakikaa mbele na nguo mbichi, madirisha yamefungwa, kioo kinashika ukungu. Dereva anapangusa na kitambaa kwa mkono mmoja, na mbele yake kuna toleka, kuna mama mwenye kitunga mgongoni. Hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko hewa baridi, ndiyo sababu feni ile inakausha kioo mbio.

Kwanza uangalie namna inavyokataa. Kama inazunguka kwa mwendo wa mwisho tu, swichi mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwa rezistansi, ule waya uliozungushwa kama springi ndani ya njia ya hewa. Mwendo wa mwisho haupiti kwake, ndiyo maana unabaki mzima. Kama mwendo mmoja wa katikati tu umekufa, uangalie rezistansi pia, kisha mguso wa swichi.

Kama haizunguki kabisa, angalia fyuzi (fusible). Imeungua? Usiweke waya mtupu wala karatasi ya sigara pahali pake! Fyuzi inaungua ili gari isiungue, na nyuma mmebeba mafuta.

Fyuzi ikiwa nzima, chukua taa ndogo yenye nyaya mbili. Funga waya mmoja kwa chuma cha gari (masse), washa kontakti, lakini swichi ya feni ikae imezimwa. Gusa nyaya za motori, moja kisha nyingine. Taa ikiwaka kwa zote mbili, umeme unafika na unavuka motori. Swichi ya gari hiyo inakata upande wa masse, kama kwa Toyota nyingi za zamani. Ikiwaka kwa waya mmoja tu, umeme hauvuki: makaa ya motori (charbon) yamekwisha ao waya umekatika ndani. Isipowaka popote, inawezekana gari yenu inakata upande wa plus. Washa swichi halafu upime tena.

Kwa gari inayokata masse, taa ikiwaka kwa zote mbili, tafuta kwa swichi waya wa mwendo wa mwisho, uguse masse kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, motori ni nzima. Swichi ndiyo mgonjwa, ao waya wake wa masse umelegea. Anza na ule waya, juu kuufunga hakuna bei.

Kufungua swichi, toa kwanza minus ya batiri. Miguso myeusi isugue polepole na msasa laini. Plastiki ikiwa imeyeyuka, usipoteze saa, nunua ingine.

Lakini mbona iliyeyuka? Hapa mafundi wengi wanaruka. Tuseme motori inavuta ampere 10 na mguso mchafu una om 0.3: volti 3 zinapotea pale, na wati 30 za moto zinabaki ndani ya swichi ndogo. Motori ikiwa nzito kwa vumbi na kutu, inavuta zaidi. Izungushe kwa kidole. Isipoteleza, isafishe, utie tone la mafuta kwa ekseli, kama sivyo swichi mpya itaungua vilevile.

Mkienda kununua, mbebe ile ya zamani, mhesabu miguu yake, na mpime batiri: gari zingine ni volti 12, zingine 24.