Dawa ya Ukungu kwenye Karanga: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Anza mapema. Siku 30 hadi 40 baada ya kupanda, mvua ikiwa inanyesha, bomba liwe tayari. Klorothalonili na mankozebu hulinda jani ambalo bado halijaugua. Jani lililokwisha kuingiliwa haziliponyi. Rudia kila baada ya wiki mbili hivi, na kibandiko kikisema vinginevyo, fuata kibandiko.

Usingoje majani yapukutike ndipo ukimbilie duka la pembejeo. Wengi wakiona shamba limepukutika hudhani karanga zimekomaa. Sivyo. Jani likianguka punje hukosa chakula, na vikonyo vinavyoshika maganda hulegea. Ukivuta shina, karanga zinabaki udongoni. Madoa ya majani yakiachwa yajiendee yanaweza kula nusu ya mavuno, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea siku ya kung'oa.

Geuza jani. Kutu huonekana upande wa chini, vipele vya rangi ya chungwa. Madoa ya majani ya aina inayochelewa kutokea nayo huwa meusi zaidi huko huko. Aliyetazama juu tu hajakagua shamba. Majani ya chini ndiyo huanza kuugua, kwa kuwa matone ya mvua huyarushia vimelea kutoka kwenye masalia ya msimu uliopita. Basi nozeli iyafikie hayo. Kulowesha vilele ni kupoteza dawa.

Pima bomba kwa maji matupu. Nyunyizia mraba wa mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, angalia lita zilizotumika, zidisha kwa 40: hayo ndiyo maji ya ekari moja. Usikadirie dawa kwa kizibo cha soda.

Usitumie njia moja kwa kila ugonjwa. Kuoza kwa shina huanzia usawa wa udongo: nyuzi nyeupe, kisha vijiduara vya kahawia kama punje za ulezi. Huko Georgia, jimbo linaloongoza kwa karanga Marekani, watafiti wamepima unyunyiziaji wa usiku dhidi ya ugonjwa huu na kuona faida. Karanga hukunja majani usiku, hivyo dawa hupenya hadi shinani. Kwa madoa, nyunyizia majani yakiwa wazi na upepo umetulia.

Usirudie kiambato kimoja kinachopenya mmea msimu mzima, kuvu watakizoea.

Usipeleke dawa ya ukungu kwenye ugonjwa wa rozeti. Huo huletwa na virusi, na waenezaji ni vidukari. Panda mapema, usiache nafasi pana, tafuta mbegu inayovumilia.

Vaa glavu, barakoa na buti. Watoto wasiguse bomba, hata tupu.

Na hili nalikazia: usiwape mbuzi wala ng'ombe majani yaliyonyunyiziwa klorothalonili, hata kiangazi kikibana vipi. Yafukie chini sana, na msimu ujao shamba hilo lipande mahindi au mtama.